Ua Usiruke Mpaka Wake

Yapo mambo ambayo watu huyadharau kwa sababu huyaona kila siku, na ua wa nyumba ni mojawapo. Asubuhi na jioni twapita kando ya nyua za watu. Twaona michongoma, seng'enge, mabati au mawe, wala hatujiulizi ni nani aliyeamua kwamba ua huu usimame pale uliposimama, wala aliamua kwa haki gani. Wallakini katika nchi yetu ya Kenya ugomvi mwingi baina ya jirani na jirani, baina ya ndugu na ndugu, na baina ya raia na serikali yake, huanzia katika mstari huo mwembamba. Watu waliokula pamoja miaka mingi wameacha kusalimiana kwa sababu ya hatua moja ya udongo. Na wengine, twasikitika kusema, wameshikiana mapanga.

Nia yangu katika insha hii ni kutetea neno ambalo wengi hawapendi kulisikia. Nasema kwamba mwenye nyumba hana haki ya kuweka ua wake popote apendapo. Nasema kwamba kanuni zinazoeleza ua uwe wapi ni kanuni njema, na wajibu wetu ni kuzitii. Nasema tena kwamba mtu ausogezaye ua wake kwa siri, ijapokuwa kwa hatua moja, ni mwizi kama mwizi mwingine, hata kama watu humwita mheshimiwa. Na mwisho nasema kwamba wakubwa wanaozishika kanuni hizo kwa mkono mkali juu ya maskini na kwa mkono laini juu ya tajiri wana hatia kubwa kuliko huyo mwizi. Msomaji, sitaki unikubalie kwa sababu nimesema. Zipime hoja zangu moja moja, kisha uamue.

Kwanza tuelewane kwamba ua wenyewe ni kitu chema. Ua humpa mtu faragha katika maskani yake. Humzuia mbuzi wa jirani asile sukuma wiki ya mwenyewe, na humzuia mtoto mdogo asitoke mbio kwenda barabarani. Hupunguza tamaa ya mwivi, na huonyesha kwamba hapa panakaa mtu mwenye kupenda utaratibu. Wala hakuna kabila katika Kenya lisilokuwa na namna yake ya kuzungushia boma. Basi mimi sigombani na ua. Nagombana na mahali ulipowekwa. Kisu ni kitu chema jikoni, lakini hakina haki ya kukaa katika mfuko wa mwenzako.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla hakujawa na ofisi ya ardhi wala ramani. Wagikuyu walipanda itoka katika mipaka ya mashamba yao. Huu ni mmea wenye maua mfano wa yungiyungi, ambao kitunguu chake hukaa chini ya udongo na kuchipua tena hata majani yake yakikatwa. Shahidi wa namna hiyo si rahisi kumnyamazisha. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walipanda masale baina ya kihamba na kihamba. Na jani hilo hilo la sale ndilo alilolichukua mkononi mtu aliyetaka kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Tazama, msomaji, jinsi akili ya wazee ilivyokuwa pana: mmea wa mpaka na mmea wa amani ulikuwa mmoja.

Dini zetu nazo hazikunyamaza. Torati inamlaani mtu aondoaye alama ya mpaka wa jirani yake. Katika Uislamu imepokewa hadithi kwamba mtu anayejitwalia ardhi kwa dhuluma, hata ikiwa shubiri moja tu, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na imepokewa pia kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, basi njia hiyo iachiwe dhiraa saba. Hebu fikiri: katika mambo yote makubwa ya ulimwengu na ya akhera, bado palipatikana nafasi ya kutaja upana wa njia. Hakika hilo halikuwa jambo dogo kwa watu wa zamani, wala halifai kuwa dogo kwetu.

Mwenye kutaka mfano wa mji na aende Lamu, mji wa kale ambao mwaka 2001 ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Njia za Lamu ni nyembamba mno, na kuta za nyumba ndizo zinazozifanya. Hata hivyo punda mwenye shehena hupita, jeneza la maiti hupita, na watu huketi barazani wakazungumza bila ya kumzuia mpita njia. Watu wa Lamu hawakuwa na ardhi nyingi ya kutapanya. Walikuwa na adabu ya kujua kwamba ukuta wa mtu ni pia ukingo wa njia ya wote. Nawauliza wale wanaosema kwamba viwanja vyetu ni vidogo mno, kwa hiyo hatuna budi kuinyang'anya njia: je, kuna mji mwembamba kuliko Lamu?

Sasa tuje katika sheria, maana wengi hutaja sheria ya ardhi na wachache huijua. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kilimo ulioitwa kwa jina la Swynnerton. Katika mkoa wa Kati vipande vya ardhi vilivyotawanyika huku na huko viliunganishwa, kila mwenye ardhi akapewa shamba lake mahali pamoja. Mimi siusifu ukoloni hata kidogo. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi wakiwa vizuizini, na wako waliorudi makwao wakakuta ardhi yao imekwisha kuandikwa majina mengine. Lakini jambo moja la wakati ule lingali likitutawala hata leo. Watu walitakiwa kupanda nyua katika mipaka yao. Nyua zile zikaonekana katika picha zilizopigwa kutoka angani, na ramani zikachorwa kwa kuzifuata. Yaani si ramani iliyouzaa ua. Ua ndio ulioizaa ramani.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kama ilivyokuwa ile ya mwaka 1963 iliyotangulia, inasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo imeandikwa katika daftari kwamba mpaka umepimwa na kukazwa. Tena sheria hiyo inaikataza mahakama kusikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka kwanza Msajili wa Ardhi awe ameuamua mpaka huo. Na Msajili afikapo shambani hutazama nini? Hutazama ua wa zamani, mawe, miti na mitaro; husikiliza majirani na wazee waliokuwapo. Basi, msomaji, fahamu jambo hili vizuri, kwani ndilo shina la maneno yangu yote: katika sehemu kubwa ya mashamba yetu, ua ni shahidi wa hati. Mtu ausogezaye ua hakuhamisha miti tu; amemfundisha shahidi kusema uongo. Kama angaliichukua hati ya jirani yake akafuta tarakimu na kuandika nyingine, sote tungalisema ni mghushi na kumpeleka polisi. Mbona anapofanya jambo lile lile kwa panga na jembe twasema ni ugomvi wa majirani tu?

Sheria haisemi hivyo. Sheria hiyo ya mwaka 2012 inamwamuru mwenye ardhi azitunze nyua, mawe na alama nyingine za mpaka wake. Na mtu anayeiharibu au kuiondoa alama ya mpaka bila ya idhini ya Msajili aweza kufungwa jela muda usiozidi miaka 2, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kupewa adhabu zote mbili. Wangapi miongoni mwetu wanayajua hayo? Jembe la mwezi wa Machi, kabla ya mvua ya masika, limewatia wengi katika kosa la jela bila ya wenyewe kujua. Na wengine wanajua vizuri, ila wanategemea kwamba jirani yao ni mjane au yuko mbali mjini akitafuta riziki.

Hayo ni ya mashambani. Katika miji na mitaa inayochipuka kando ya barabara kuu, uovu una sura nyingine. Huku mipaka imepimwa, na mawe ya mpaka, ambayo watu huyaita bikoni, yamefukiwa katika pembe za kila kiwanja. Anayedhulumiwa si jirani mmoja tena. Anayedhulumiwa ni njia, na njia haina kinywa cha kulalamika.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kiwanja ambacho watu wengi hununua ni cha futi 50 kwa 100, yaani futi za mraba 5,000. Mwenye kiwanja anausogeza mbele ua wa upande wa njia kwa futi 3 tu. Amepata futi za mraba 150, nazo ni sehemu 3 katika kila 100 za kiwanja chake. Labda atapanda maua hapo, au ataweka pipa la taka. Jirani yake wa ng'ambo anaona, naye anasema moyoni, "Mimi ni mjinga gani?" Naye anasogeza futi 3. Kama njia ile ilipimwa futi 30, sasa imebaki futi 24. Kila mmoja wao amepata sehemu 3 katika 100. Njia imepoteza sehemu 20 katika 100. Na kama njia ilikuwa ya futi 20, imebaki 14, ambamo malori mawili, kila moja lina upana wa futi 8 hivi, hayawezi kupishana hata madereva wakiwa hodari namna gani. Hii ndiyo biashara tunayoifanya: twajipatia kibaba na kuwapotezea wote pishi.

Tena futi zile 6 zilizopotea hazikutoka katikati ya njia yanakopita magari. Zilitoka ukingoni, panapopita miguu na maji. Kwanza hutoweka kijia cha waendao kwa miguu. Kisha hutoweka mtaro. Ndipo watoto wa shule, wenye mikoba mizito migongoni, hulazimika kutembea katikati ya pikipiki na matatu. Sisi walimu tunaosimama langoni asubuhi twawaona wakifika, viatu vimejaa tope, nao wakiruka kando kila honi inapolia. Dereva akimgonga mtoto, watu humkamata dereva, na huenda wakawa na haki; lakini hakuna amkamataye mwenye ukuta aliyemsukuma mtoto yule kutoka kijiani mwake hadi mbele ya gari. Na mvua ikinyesha, maji yaliyonyimwa mtaro huingia nyumbani mwa mtu. Aghalabu huingia kwa maskini aliye chini, mbali na yule aliyeuziba mtaro huko juu.

Fikiri pia juu ya moto. Nyumba ikishika moto mwisho wa kichochoro kilichobanwa na kuta mbili, gari la zimamoto husimama mbali, na mipira yake haifiki. Fikiri juu ya mama mwenye uchungu wa kujifungua usiku, anayebebwa kwa kitanda kwa kuwa gari la hospitali halipiti. Waliokula futi 3 hawakukusudia kumwua mtu, nakubali. Lakini aliyechimba shimo njiani na kuliacha wazi naye hakukusudia.

Na walio kando ya mito? Hao wameuvuta ua mpaka majini, wakasema mto ni mpaka wao. Mto haujui hati. Ukuta ukijengwa ukingoni, maji ya mafuriko yaliyozoea kutanda upande ule husukumwa upande wa pili na kuongezwa nguvu. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu. Sisemi kwamba vifo vyote vililetwa na nyua. Mvua ilikuwa kubwa mno. Nasema kwamba mto ulionyimwa kingo zake huzitafuta wenyewe, wala haubishi hodi.

Najua majibu ya wapinzani wangu, nami nitayataja kwa insafu.

Wa kwanza husema: "Ardhi ni yangu, na Katiba inalinda mali yangu." Kweli, Katiba ya mwaka 2010 inalinda mali ya kila mtu. Lakini Katiba hiyo hiyo inasema kwamba ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Inazihesabu barabara na njia zilizowekwa kwa sheria kuwa ardhi ya umma. Tena inaipa serikali uwezo wa kuweka kanuni juu ya matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama, afya ya watu na mipango ya makazi. Basi anayeisoma Katiba na aisome yote, asiwe kama mlaji anayekula nyama akamwachia mwenzake mchuzi.

Wa pili husema: "Sehemu ile ya barabara imelala bure, serikali haiitumii. Kuna ubaya gani nikiitumia mimi?" Huyu hajaelewa akiba ni nini. Chakula kilichomo ghalani hakikulala bure, kinangoja njaa. Sehemu ya kando ya barabara huachwa kwa ajili ya mabomba ya maji, nguzo za umeme, mitaro, na siku ile ambayo njia yenyewe itapanuliwa. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyokamilika mwaka 2012, kuta na majengo yaliyokuwa yameingia katika sehemu ya barabara yalibomolewa, na watu wakalia mbele ya vifusi. Kilio kile kilikuwa cha kweli. Lakini ardhi iliyobomolewa ilikuwa imengoja miaka mingi, wala haikuwa yao.

Wa tatu husema: "Wezi wamezidi." Hilo nalo ni kweli, wala simdharau mtu anayelala kwa hofu. Lakini mwizi hazuiwi na mahali pa ukuta. Ukuta uliosimama ndani ya mpaka una urefu ule ule na uimara ule ule wa ukuta uliosimama nje ya mpaka. Tena njia nyembamba yenye kuta ndefu pande zote mbili, isiyo na mtu wa kuona, ndiyo apendayo mnyang'anyi. Kadhalika nawaambia wale wanaojumuika mtaani wakaweka lango katika njia ya umma, kisha mpita njia aulizwe anatoka wapi na anakwenda kwa nani: hofu yenu naielewa, lakini njia hiyo hamkuinunua. Kama mwahitaji ulinzi, ombeni ruhusa ya wenye mamlaka, na lango liwe la kulinda, lisiwe la kufukuza.

Wa nne husema: "Kila mtu amefanya hivyo." Hili ndilo jibu dhaifu kuliko yote, na ndilo linalotumiwa zaidi. Wingi wa wakosaji hauligeuzi kosa kuwa haki. Hulifanya kuwa msiba.

Wa tano ana neno zito, nami namheshimu. Yeye husema: "Wakubwa wamenyakua misitu, viwanja vya shule na barabara nzima nzima, mbona wanishike mimi kwa futi 3?" Ni kweli tupu. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ilitoa taarifa yake mwaka 2004, ikaonyesha jinsi ardhi ya umma, pamoja na sehemu za barabara, ilivyogawanywa kinyume cha sheria kwa watu wenye jina na cheo. Wengi wao hawakurudisha kitu. Mwananchi akiona hivyo huvunjika moyo, akasema sheria ni mtego wa vidagaa tu, na papa huuchana akapita. Lakini tukifuata hoja hiyo tutafika wapi? Papa akila samaki, je, vidagaa nao waanze kulana? Dhuluma ya mkubwa ndiyo sababu ya kumdai mkubwa; haikuwa hata siku moja ruhusa ya kumdhulumu mtoto anayekwenda shule kwa miguu.

Hapo ndipo nawageukia watawala. Jadweli ya Nne ya Katiba imeziachia serikali za kaunti kazi ya mipaka na nyua. Imetajwa pamoja na upimaji wa ardhi na nyumba za kukaa. Si kazi ya Nairobi peke yake tena. Ni kazi ya watu tuliowachagua wenyewe, ambao ofisi zao twaweza kuzifikia kwa nauli ya matatu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 nayo inamtaka mtu apate ruhusa ya kaunti kabla ya kukiendeleza kiwanja chake. Uwezo upo. Kilichopungua ni nini, kama si haya?

Mwananchi anayetaka kujenga ua hujui amwulize nani. Akienda ofisini, hutumwa dirisha hili na dirisha lile, na kanuni yenyewe huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Akijenga, ofisa hupita, akaona, akanyamaza. Na kunyamaza kwake huenda kumenunuliwa. Miaka kumi baadaye tingatinga huja alfajiri. Hukuta mwanamke auzaye nyanya chini ya mwavuli, humbomolea kibanda chake. Kisha hufika kwenye ukuta mrefu wa bwana mkubwa, likazunguka kwa heshima. Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wetu una meno upande mmoja. Mwaka 2018 yalipobomolewa baadhi ya majengo makubwa kando ya mito ya Nairobi, watu wengi walishangilia, si kwa kuwa wanapenda vifusi, bali kwa kuwa kwa mara moja waliona msumeno ukikata mti mnene. Lakini hata hapo twauliza: je, waliotoa vibali vya kujenga pale walikuwa wamefumba macho?

Basi tufanye nini? Kulalamika bila ya shauri ni kelele. Haya ndiyo mashauri yangu.

Kwanza, pasijengwe ua wowote mpya kabla ya mawe ya mpaka kuonyeshwa mbele ya majirani wa pande zote na mzee wa mtaa, na maafikiano yao yaandikwe na kutiwa sahihi. Karatasi moja ya siku ile yaweza kuepusha kesi ya miaka ishirini. Pili, kila kaunti na iandike kanuni zake za nyua kwa Kiswahili chepesi: ua uwe umbali gani na njia, urefu wake uwe kadiri gani, na katika kona za njia uwe mfupi ili dereva na mtembea kwa miguu waonane. Kanuni hizo zibandikwe katika ofisi ya chifu, sokoni na shuleni. Tatu, kwa kuwa kumwajiri mpima ardhi ni gharama ambayo maskini haiwezi, kaunti iwe na wapima wake wa kufufua mawe yaliyopotea kwa malipo ambayo mkulima mdogo aweza kuyamudu. Haki isiyonunulika kwa maskini si haki, ni bidhaa ya dukani. Nne, wakati wa kuondoa nyua zilizovuka mipaka, kazi ianzie kwenye ofisi za serikali zenyewe na nyumba za wakubwa, watu wote wapewe notisi ya kutosha, na msumeno uje kwa maskini mwisho. Na tano, ofisa aliyeona kosa likijengwa akanyamaza naye aulizwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi twamlipa mshahara yule aliyewekwa kuutazama ufa.

Yako maneno ya mwisho ninayotaka kukuambia wewe mwanafunzi unayesoma kitabu hiki. Leo huna ardhi wala ua. Lakini haitapita miaka mingi utarithi kipande cha shamba, au utanunua kiwanja kwa jasho lako, na siku ya kwanza utasimama pembeni mwake na nguzo mkononi. Hapo hapatakuwa na mwalimu, na pengine hapatakuwa na jirani wa kukutazama. Utaambiwa na fundi, "Tuongeze kidogo, hakuna atakayejua." Jibu lako siku hiyo ndilo litakaloonyesha kama miaka yako ya shule ilikufunza kitu zaidi ya kupasi mitihani.

Nawe usingoje siku hiyo. Likizo ijayo, mwombe baba, au mama, au babu kama angali hai, akutembeze katika mipaka ya kwenu. Akuonyeshe jiwe liko wapi, mti upi ulipandwa na nani, na walikuwapo majirani gani. Andika majina yao. Ukikuta kwamba ua wa kwenu ndio uliovuka, sema nyumbani kwa adabu, lakini sema. Kuurudisha ua nyuma kwa hiari ni kazi ya asubuhi moja. Kuurudishwa kwa nguvu, baada ya chuki na mahakama, huweza kula maisha ya watu wawili, na kuwaachia watoto wao deni.